Siku Bibi Yako Alipowaita Majirani

Mwanangu Somoe,

Nakuandikia nikiwa chumba cha juu, nyumba imenyamaza, wewe na mamako mko kwa shangazi yako mkiaga. Tangu asubuhi mmezunguka mitaa yote ya Amu, na kila mlikoingia mmesomewa fatiha, mmetiliwa kitu mkobani, na mmeambiwa mwende kwa heri mrudi kwa heri. Kesho alfajiri utavuka hadi Mokowe, upande wa bara, ukapande basi la Nairobi. Kuhusu nguo, chakula na watu wa kujihadhari nao mjini, mamako amekwisha sema, tena kwa mpango mzuri kuliko wangu. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa moyoni tangu Alhamisi niliporudi kutoka kisiwani Ndau.

Ulinipokea mlangoni ukaniuliza, "Baba, bibi yu hali gani?" Nikakujibu, "Hajambo, anakusalimu," kisha nikauliza kama chakula ki tayari. Nusu ya jibu lile ilikuwa kweli. Bibi yako hajambo. Lakini hakutuma salamu, na nilipomwomba akuombee dua ya safari alitazama upande wa kisima akasema, "Mwenye safari ni nani, wewe au yeye?" Nilikuona umeinamia masanduku, umefurahi, nikashindwa kukueleza. Nitakupa barua hii mkononi baada ya chakula, ili uwe na muda wa kufikiri kabla ya kwenda gatini.

Nianze mbali kidogo. Wajua tabia yangu.

Nilifundisha jiografia miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kuwauliza watoto maswali ambayo majibu yake tayari yalikuwa nyuma ya kitabu. Yalipokuja shuleni mashindano haya ya kutatua matatizo ya kesho, niliona kama mtu amenifungulia dirisha. Wanafunzi wanne wanapewa taarifa ya kubuni kuhusu dunia itakavyokuwa miaka thelathini ijayo. Hakuna anayejua jibu, hata mwalimu. Wanatafuta matatizo yaliyojificha ndani ya taarifa ile, wanachagua lililo mzizi wa mengine, wanabuni suluhisho nyingi kadiri wawezavyo, wanaweka vigezo vya kuzipima, wanazipa alama, na ile inayoshinda wanaigeuza kuwa mpango wa kazi. Nilipenda hasa hatua ya kubuni, kwa sababu ndani yake hakuna wazo linalochekwa. Ingawa tulicheka. Wakumbuka mwenzako Fumo alipotaka punda wote wa Amu wavalishwe paneli za umeme wa jua, na Wanjiru akamwuliza, "Na wakisimama kivulini, tulale gizani?" Sijapata kufundisha kwa furaha kama siku zile.

Mwaka wenu taarifa ilihusu visiwa vidogo ambavyo visima vyake vimeingia chumvi. Hakikutajwa kisiwa chochote, lakini wewe ulisoma ukurasa wa kwanza ukasema, "Hii ni Ndau." Ukaeleza maji ya kisima cha bibi yako, jinsi chai yake inavyobadilika ladha kila unapokwenda likizo, na jinsi jabia la kukingia maji ya mvua linavyokauka kabla msimu haujaisha. Wenzako waliandika kwa kasi. Mkajaza karatasi ya matatizo: maji, maradhi, shule, uvuvi, ardhi. Mwisho kabisa, wenzako walipokuwa wameshaanza kusema watu wahamishiwe bara, uliandika kwa mwandiko wako mdogo: "Bibi atakuwa nani huko?"

Fumo aliisoma kwa sauti. "Ala! Somoe, wataka majaji watupe alama au watupe leso za kufutia machozi?"

"Mwache," Wanjiru akasema. "Nyanya yangu tangu aletwe kwetu hana hata mtu wa kugombana naye. Anagombana na redio."

Mkanigeukia mimi. Nami nikalikata lile swali kwa kalamu nyekundu. Nikawaeleza, kwa upole, kwamba tatizo la mtu mmoja si tatizo la kisiwa. Kwamba majaji hutoa alama kwa kuangalia tatizo linagusa watu wangapi. Kwamba swali lisilopimika halina mahali pake kwenye jedwali. Nilieleza vizuri sana, hata wewe ulitikisa kichwa kukubali. Na kwa upande wa alama sikukosea. Mpango wenu wa kuwahamishia watu wa Ndau bara, kwa awamu, na nyumba na maji ya bomba, uliwashinda wote. Ndio uliokupatia ufadhili huu wa kusomea mipango ya makazi chuoni.

Lakini mimi, Somoe, miongoni mwetu sote chumbani mle, ndiye niliyepaswa kulijua jibu la swali lako. Babu yako alipofariki, wewe hujazaliwa, nilimleta mamangu Amu akae nasi. Nilimleta hapa hapa ninapoandikia. Sikumwuliza. Nilimwambia, "Mama, pale Ndau huna mtu, hapa una mtoto, una daktari, una soko." Yote kweli. Akafunga virago akaja. Unajua kwamba kazi yake kule ni mwosha: mwanamke akifa Ndau, yeye ndiye anayeitwa kumwosha na kumvika sanda, na kazi hiyo aliipokea kwa mamake. Siku moja alifariki mama mmoja mtaa wa pili hapa. Bibi yako alivaa buibui lake akaenda. Wenyewe wakampokea kwa heshima, wakamwambia, "Kaa kitako, bibi, upumzike, wenye kazi wamefika." Akakaa kitako na wageni, akanywa kahawa, akarudi. Hakuniambia mimi, alimwambia mamako. Hata nilipoambiwa sikuelewa. Nilidhani ni ngazi za nyumba hii zinazomchosha, nikafikiria kumhamishia chumba cha chini. Haukupita mwaka aliniomba nimtafutie mashua ya kurudi. Kwa miaka yote iliyofuata, mtu akiniuliza kwa nini alirudi, nimekuwa nikijibu, "Ngazi."

Basi wewe, bila kusimuliwa, uliandika kwa maneno manne jambo ambalo mimi nililiishi nikalipita. Nami nikalikata.

Sasa nije kwenye redio. Mliposhinda mlialikwa kuzungumza kituoni, na mwaliko ule ulitutia kichwa kikubwa sote. Mtangazaji alianza vizuri, akaeleza kwamba hawa ni wanafunzi, na huu ni mpango wa mashindano. Kisha akakuachia kipaza sauti. Ulisema kwa sauti thabiti, kama nilivyowafundisha, pasi na kusitasita: familia za upande wa kusini zitahamishwa kwanza, makaburi yatazungushiwa ua, nyumba zilizobaki zitavunjwa ili mikoko ipandwe. Nilikusikiliza hapa Amu nikiwa nimefumba macho kwa raha.

Wakati ule bibi yako naye alikuwa ameifungua redio yake kwenye simu. Aliposikia jina lako likitajwa aliinuka, akatoka mbio kuwaita majirani. Ameniambia mwenyewe siku ya Alhamisi. Alipita mlango kwa mlango akisema, "Ndooni, ndooni, mwana wangu asema kwenye redio!" Wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaja wakajaa kiwanjani. Kufika kwao, mwanzo wote umekwisha pita. Walichosikia ni wewe ukisema nani atahamishwa kwanza na nyumba za nani zitavunjwa.

Fikiri walivyosikia. Ni watu ambao wengi wao hawana karatasi ya ardhi waliyozaliwa juu yake. Miaka yote wameona wageni wakishuka na vyombo vya kupimia, wakipima, wakiondoka bila neno. Hawakusikia mtoto wa shule akicheza mchezo wa kufikiri. Walisikia tangazo. Na aliyewaita waje walisikie alikuwa bibi yako, Bi Mwanamkuu.

Nilisikia hapa Amu kwamba watu wa Ndau wana maneno. Nilikwambia ni uvumi, utapita. Wewe ukasema utakwenda likizo ukazungumze nao, mimi nikakubali, kwa sababu ilinifaa kukubali. Ikawa hivyo mpaka nilipokwenda kumwomba bibi yako aje Amu kukuaga.

Nilimkuta uani anapepeta mchele, yeye na jirani yake mmoja tu, Bi Zuhura, yule mwenye ulimi. Kabla sijamaliza salamu Bi Zuhura akasema, "Karibu, mwalimu. Umekuja kutupimia mizigo?"

"Mwache," bibi yako akasema. "Huyu ni mwanangu, si serikali."

"Haya. Mimi nikiwatazama usoni nashindwa kuwatenga. Wote huja na kalamu."

Nilicheka. Bibi yako hakucheka. Akaendelea kupepeta. Nikauliza habari za watu mmoja mmoja, kama desturi, nikafika kwa mke wa jirani yao Bwana Athmani, ambaye alikuwa mgonjwa.

"Amekufa," bibi yako akasema.

"Inna lillahi. Lini? Ulimwosha wewe?"

Ungo ukasimama. Bi Zuhura aliinuka akasema ana chungu motoni, akaenda zake, na hakuwa na chungu chochote. Bibi yako akanijibu, "Walimleta mtu kutoka kisiwa kingine. Kwa mashua. Nilikuwa nimevaa tayari, nimekaa pale mlangoni. Wakapita naye mbele yangu."

Nimemjua mama yule tangu nizaliwe, na sikuwahi kuiona sura ile. Wameamini kwamba alijua. Wanasema mjukuu wake ndiye mwenye mpango, mwanawe ndiye mwalimu, na yeye ndiye aliyepita milangoni kuwakusanya, atakosaje kujua? Bwana Athmani alikuwa ameleta mawe ya kumjengea mwanawe chumba. Mawe yamekaa pale pale, hajengi, na kila apitaye anayatazama, kisha anautazama mlango wa bibi yako. Hakuna anayemtukana. Wanamjibu salamu. Ila hawamwiti.

Nami nikafanya ninalolijua. Baada ya swala ya adhuhuri niliwaomba wanaume wakae barazani, nikawaeleza. Nikaanza na mashindano ni nini, nikaeleza hatua zake zote kwa utaratibu, tofauti ya taarifa ya kubuni na taarifa ya kweli, jinsi alama zinavyotolewa, na kwa nini Ndau ilichaguliwa. Walinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Nikauliza kama kuna swali. Bwana Athmani akakohoa, akasema, "Tumefahamu, mwalimu. Basi ni lini?"

Nilirudi uani nikamwambia mamangu kwamba nimewaeleza. Akasema, "Nimekusikia hadi hapa. Wewe waweza kumweleza mtu maji ya kisima mpaka kiu imwue." Kisha akasema hivi, na nimejitahidi nisiyabadilishe maneno yake wala matamshi yake: "Sitaki aniombe radhi. Mwana hajanikosea, alikuwa acheza. Nataka aye akae hapa mbele yao, aseme bibi yangu hakuyua. Wewe hawakuamini, u mwanangu, wanitetea. Yeye ndiye waliyemsikia. Yeye akisema sikuyua, itakuwa sikuyua."

Nikamwambia una safari. Akarudia kupepeta. Nikamwambia utakwenda likizo. Akasema, "Na mimi likizo nitakuwapo?" Hakusema kwa kunitisha. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu.

Ndiyo hali niliyoiacha, na ndiyo maana nilipofika mlangoni nilikuuliza chakula.

Usinifahamu vibaya. Sikwambii mpango wenu ulikuwa mbaya. Nimeyaonja maji yale tena, na nimeona watoto wakibeba mitungi kutoka mbali zaidi kuliko zamani. Huenda siku moja watu wa Ndau wakahama kweli. Hata bibi yako nilimwuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, "Mama, wewe ungependa nini?" Akanitazama kama niliyezungumza Kichina. Akasema, "Mai ni mabovu, nani asiyeyua? Lakini hilo nitakujibu siku wakiniita tena." Sijui kama ndani ya jibu hilo mlikuwa na ndiyo au hapana. Nimelifikiria njia nzima ya kurudi. Siku hizi nalala nikiogopa kwamba tuliwahi kulipata swali lililo mzizi wa mengine, tukalifuta kwa sababu halikuwa na pa kuandikwa alama.

Na ninaogopa kwa ajili yako, kwa sababu kule unakokwenda jedwali lile si mchezo tena. Utafundishwa na watu hodari. Watakupa vigezo vizuri kuliko vyangu, na siku moja utakaa mezani na karatasi yenye jina la kijiji ambacho hujapata kunywa maji yake. Utakuwa mwepesi wa kujibu, maana nimekulea uwe mwepesi. Watoto wote niliowafundisha niliwasifu walipoinua mkono mapema. Sikumbuki hata mara moja kumsifu mtoto aliyesema, "Mwalimu, hili sijui, acha nikawaulize wenyewe." Kama ningekuwa na mwaka mmoja zaidi darasani, ningeutumia kwa hilo. Sina, nimestaafu, na wewe ndiye wa mwisho wangu.

Haya sasa, jambo lenyewe. Lali, nahodha wa mashua ya mashine inayopeleka bidhaa Ndau, ataondoka kesho alfajiri maji yakijaa. Atakuwa gati ile ile na boti ya Mokowe. Nimemwambia huenda akapata abiria mmoja, sikumtaja jina. Ukienda naye basi litakuacha, na utafika chuoni baada ya siku waliyokupangia. Niliwapigia simu wenye ufadhili kuuliza itakuwaje. Mama mmoja akanijibu kwamba atakayechelewa atajieleza mwenyewe. Sijui maana yake. Inawezekana ni karipio dogo, inawezekana ni zaidi ya hapo. Siwezi kukuahidi kwamba haitakugharimu, na mamako, nilipomweleza jana, alilia kisha akanikasirikia, na ana haki.

Nilitaka kukuamulia. Niliandika barua nyingine kabla ya hii, fupi, ya amri, nikaichana. Nimemwamulia mamangu mara moja na nimeona matokeo.

Ukiamua kwenda Ndau, nenda peke yako. Mimi nikiwapo watanitazama mimi, na wakinitazama nitaanza kueleza. Ukifika usianze na mashindano, wala mtangazaji alisema nini mwanzo. Mwombe Bi Zuhura akuitie watu. Atakukejeli kwanza, mvumilie, kisha atakwenda, na wakiitwa na yeye watakuja. Keti chini pamoja nao. Sema lile moja aliloomba bibi yako, halafu nyamaza. Huenda wasikuamini hapo hapo. Huenda Bwana Athmani akainuka akaondoka. Amefiwa na mkewe, mwache aondoke. Lakini watakuwa wamelisikia kwa sauti ile ile iliyowatia hofu, na hiyo sauti siwezi kuiazima.

Ukiamua kwenda na basi, nitakubebea sanduku mpaka Mokowe, nitakuchagulia kiti cha dirishani, na hutasikia lawama kwangu leo wala siku yoyote. Kisha nitakwenda Ndau, nikae na mamangu pale mlangoni. Mtu akifa, tutakuwa wawili tunaowatazama wakipita.

Ni mimi babako, nikupendaye kuliko nilivyowahi kujua kusema.